Amin hakufukuza wageni

Biashara ikiwa ngumu Nairobi, jina la Idi Amin halikosi kufufuka. Utalisikia kwenye matatu ya Ngara, utalisikia Biashara Street mtu akitoka dukani na hasira ya bei: "Amin ndiye aliyejua dawa yao." Wanawasema wafanyabiashara wa Kiasia, na wengi wanaosema hivyo hawakuwa wamezaliwa mwaka 1972, Amin, mtawala wa Uganda, alipowafukuza Waasia. Maneno haya yananiuma, kwa sababu yanawafuta watu waliouawa, waliovuliwa uraia na waliokimbia usiku, na baadhi yao walikimbilia hapa kwetu.

"Aliwafukuza wageni warudi kwao"

Huu ndio uongo mkubwa kuliko yote. Agosti 4, 1972, akihutubia wanajeshi Tororo, Amin alitangaza kwamba Waasia wenye pasipoti za Uingereza waondoke. Walipewa siku 90. Siku chache baadaye akawaongeza wa India, Pakistan na Bangladesh. Lakini kati ya Waasia wapatao 80,000 waliohesabiwa Uganda, kama 23,000 walikuwa raia wa Uganda, maombi yao yalishapitishwa kisheria. Mwezi huohuo Amin akasema hata hao watoke, kisha akabadilisha kauli. Ndipo wakaamriwa kupanga foleni hati zao zikaguliwe upya. Kosa dogo tu, kwa mfano karatasi ya kuukana uraia wa Uingereza iliyochelewa kufika, lilitosha. Maelfu waliingia kwenye foleni wakiwa Waganda, wakatoka bila nchi.

Na "kwao" ni wapi kwa mtu aliyezaliwa Jinja au Mbale, mtoto wa aliyezaliwa hapohapo? Nyumba moja ilikuwa na baba wa uraia huu na mama wa uraia ule. Waliobaki bila uraia wowote walichukuliwa na Umoja wa Mataifa wakapelekwa kambi za muda za Austria, Italia, Malta na kwingineko. Kuna wake wenye pasipoti za Uingereza waliofika London na watoto, huku waume zao wakisota kambini.

"Walioumia ni Wahindi peke yao"

Hapa ndipo tunaposahau zaidi, na mimi naona ndipo mambo yalipoanzia. Amin alipindua serikali Januari 25, 1971, Rais Milton Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Obote alikuwa Mlangi, na jeshi lilikuwa na Walangi na Waacholi wengi. Mwaka huohuo ilitoka amri ya kuwapa wanajeshi uwezo wa kumkamata raia. Bunge halikuwepo tena, kwa hiyo hakuna aliyeulizwa.

Mauaji yakaanzia ndani ya kambi za jeshi zenyewe. Katikati ya 1971, kule Mbarara na Jinja, askari wa makabila hayo mawili walitengwa na wenzao wakauawa. Hawakuwa na kosa. Jina la mtu na lugha aliyoongea vilitosha kumhukumu. Mwanzoni mwa 1972 wachache waliponyoka gereza la Mutukula, wakavuka mpaka hadi Tanzania, nao ndio waliosimulia yaliyokuwa yakitendeka mle ndani. Kufikia wakati huo maelfu ya askari wa Kiacholi na Kilangi walikuwa wametoweka. Haya yote yalitokea kabla ya hotuba ya Tororo. Familia za askari hao hazikupewa siku 90, wala hakukuwa na ndege iliyokuja kuwachukua.

Baada ya hapo hakuna aliyekuwa salama. Septemba 21, 1972, watu wenye silaha walimchukua Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka kutoka Mahakama Kuu ya Kampala, asionekane tena. Februari 1977 aliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum, Mwacholi, pamoja na mawaziri wawili. Serikali ikasema ni ajali ya gari.

"Waliondoka na utajiri wote"

Familia iliruhusiwa kutoka na pauni 50 hivi. Ukitaka kujua hali ilivyokuwa, fikiria barabara ya Kampala kwenda Entebbe miezi ile: kizuizi baada ya kizuizi, basi linasimamishwa, masanduku yanamwagwa lami, askari anamvua mama bangili, kisha pete, kisha saa ya mtoto. Wengi walipanda ndege na nguo walizovaa. Uingereza nako hawakutandikiwa zulia: Septemba 1972 baraza la mji wa Leicester lililipia tangazo katika gazeti la Uganda kuwaambia wasije kwao. Hata hivyo Waingereza waliwapokea zaidi ya 27,000.

"Mali iligawiwa wananchi wa kawaida"

Biashara, mashamba na ranchi 5,655 ziligawanywa, na vinono viliangukia wanajeshi na watu wao. Mkulima wa Uganda alipata nini? Sukari ilipotea madukani, chumvi ikawa ya kutafutwa, na neno magendo likawa la kila siku. Kahawa ya Uganda ikavushwa usiku hadi soko la Chepkube, mpakani upande wa Bungoma, na bei ilipopanda 1976 kuna Wakenya waliotajirika vibaya sana. Sisi tulikula matunda ya msiba ule.

"Angalau Kenya iliwakaribisha"

Kwa kiasi kidogo mno. Serikali yetu ilisema wazi kwamba hapa si mahali pa kumwagiwa raia wa nchi nyingine. Waasia kama 2,500 ndio walioishia Kenya; wengine walipita tu kuelekea bandari ya Mombasa. Na tusijifanye watakatifu: sheria zetu za uhamiaji na leseni za biashara za 1967 zilikuwa zimeshawasukuma Waasia wengi wa Nairobi kukimbilia Uingereza. Waganda weusi waliokimbia, walimu na wasomi wengi wao, walipata kazi shuleni na vyuoni mwetu, na wapo Wakenya wa rika fulani waliofundishwa hesabu nao.

Anayemsifu Amin akumbuke pia Julai 1976. Baada ya Waisraeli kuvamia uwanja wa ndege wa Entebbe kuokoa mateka na ndege zao kutua Nairobi, Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda waligeuziwa kibao. Mamia waliuawa na maelfu wakarudi mbio. Safari hiyo wageni wa kufukuzwa walikuwa sisi.

"Alipoanguka, mateso yakaisha"

Amin alitoroka Aprili 1979. Jeshi jipya, ambalo Waacholi na Walangi walikuwa wengi ndani yake, lilipoingia West Nile, eneo la nyumbani kwa Amin, mwishoni mwa 1980, Wakakwa, Walugbara, Waaringa na Wamadi walilipizwa yale ambayo wengi wao hawakuyatenda. Juni 24, 1981, askari waliwapiga risasi raia waliokuwa wamejificha kwenye misheni ya Ombaci, karibu na Arua. Mamia ya maelfu walivuka kwenda Sudan na Zaire, na wengi walikaa huko miaka mingi, watoto wao wakizaliwa kambini.