Oili ya Giaboksi ya Mashine ya Boti: Itazame Kabla ya Kuimwaga

Mwenye boti akikwambia amebadilisha oili, mara nyingi anasema ya injini, ile ya juu. Kule chini, kwenye mguu unaozama majini, kuna giaboksi yenye oili yake, na hiyo ndiyo inayosahaulika. Gia hizo hushinda ndani ya maji, na kinachoyazuia maji yasiingie ni sili za mpira na wosha ndogo tu, yaani vipete vya chini ya skrubu. Moja ikichoka, maji hupenya kimya kimya. Mlio ukija kusikika, beringi zimeshaota kutu.

Mashine nyingi huhitaji oili mpya kila baada ya saa 100 za kazi, au mara moja kwa mwaka hata kama haikufikisha saa hizo. Kwa boti inayotoka kila siku, saa 100 ni wiki chache tu, kwa hiyo usihesabu kwa kalenda. Mashine mpya hubadilishwa mapema zaidi, maana gia zinapozoeana hutoa unga wa chuma. Kitabu chake kitakwambia ni saa ngapi.

Acha mashine ilale usiku kucha ikiwa wima. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yatatuama chini. Asubuhi chomoa waya za plagi, asije mtu akaiwasha huku mkono wako uko kwenye rafadha (pangaboi). Kisha legeza kidogo skrubu ya chini na uangalie tone la kwanza. Likiwa maji matupu, sili au wosha inavuja. Ndipo ufungue na skrubu ya juu, hewa iingie, oili yote ishuke kwenye chombo.

Tahadhari moja: baadhi ya mashine zina skrubu nyingine jirani na ile ya kumwagia, na hiyo hushikilia mtambo wa kubadilishia gia. Ukiifungua kwa makosa, utalazimika kuibomoa giaboksi nzima.

Sasa itazame ile oili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, imechanganyika na maji. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, imepitiliza muda wake. Skrubu ya chini mara nyingi huwa na sumaku. Ute mwembamba wa kijivu juu yake ni uchakavu wa kawaida, lakini ukikuta vipande vinavyokwaruza vidole, gia inamomonyoka na boti isitoke.

Kujaza ndiko wengi wanakokosea. Oili huingizwa kwa pampu kupitia tundu la chini, ikipanda taratibu na kuisukuma hewa itokee juu. Ukimimina kwa juu, hewa hunaswa ndani, ukadhani imejaa kumbe nusu. Endelea kusukuma hadi oili itoke tundu la juu bila mapovu. Funga ya juu kwanza, ndipo uchomoe pampu na kuziba ya chini haraka. Maadamu juu kumezibwa, kitakachomwagika ni kidogo. Wosha ziwe mpya. Ni vitu vidogo mno, nami nimeona giaboksi ikifa kwa sababu fundi alirudisha za zamani.

Tumia oili ya gia ya mashine za majini, mara nyingi yenye uzito wa namba 90 au 80W-90. Ile ya kuchanganya na petroli haifai hapa.

Ikiwa maji yaliingia, kubadilisha oili peke yake hakutoshi. Vua rafadha uangalie shafti inayoizungusha. Mara nyingi utakuta mshipi wa kuvulia umejisokota nyuma yake, umekazwa mpaka umekata mdomo wa sili. Sili hiyo ibadilishwe.

Oili chafu weka kwenye dumu na uipeleke inakopokelewa. Baharini au ziwani isimwagwe kamwe. Baada ya safari ya kwanza, ilaze tena mashine wima usiku mzima, asubuhi ulegeze skrubu ya chini uone tone la kwanza lina rangi gani.