Korea haikutajirika kwa sababu imeokoka, naomba tuelewane

Imenifikia tena wiki hii, safari hii ni klipu kwenye grupu la wazazi wa shule. Mtumishi mmoja kavaa suti safi anasema Korea Kusini mwaka 1960 ilikuwa maskini kama sisi, watu wake Wabudha wanasujudia sanamu, halafu taifa zima likaokoka, Mungu akawapa Samsung. Chini amina zimepangana mpaka kidole kinachoka kushusha. Mimi kazi yangu ni kufundisha historia ya Asia Mashariki, na kila muhula lazima nianze kwa kuibomoa hadithi hii kabla sijafundisha chochote, wanafunzi wananiangalia kama nimewatukania mchungaji wao. Sijamtukana mtu. Hata mimi naenda kanisani. Ila leo naandika yote sehemu moja ili nikiulizwa tena nitume linki tu nikalale.

Tuanze na hilo la "taifa zima". Sensa ya 2015 Korea Kusini ilikuta asilimia 56 ya watu wanasema hawana dini yoyote. Waprotestanti karibu 20, Wabudha kama 15 na nusu, Wakatoliki karibu 8. Ukiwajumlisha Wakristo wote hawafiki 28. Kenya na Uganda Wakristo wanapita asilimia 80, kwa hiyo kwa hesabu za yule mtumishi sasa hivi Wakorea wangekuwa wanaagiza magari Kampala.

Sasa niwe mkweli, hizo namba zenyewe siziamini mia kwa mia. Sensa ya 2005 ilionyesha Wabudha karibu asilimia 23, halafu ya 2015 ikasema 15 na nusu, mamilioni wameyeyuka ndani ya miaka kumi. Ila 2015 swali la dini waliulizwa watu wa sampuli ya asilimia 20 ya kaya, na wengi walijibu kwa intaneti. Bibi wa kijijini Gyeongsang anayepanda hekaluni mara mbili kwa mwaka, nani kamjazia hiyo fomu? Mjukuu wake wa Seoul? Wenzangu wengine wanasema kushuka ni kwa kweli, wengine wanasema ni mbinu ya kuhesabu, mimi nadhani vyote viwili, na sijui ni kiasi gani cha kila kimoja. Pia "sina dini" ya Mkorea isikudanganye, huyohuyo ataenda kwa mpiga ramli kabla ya kuchagua tarehe ya harusi.

"Walikuwa Wabudha." Hapa amekosea kwa miaka mia tano na ushee. Dola ya Kibudha ilikuwa Goryeo, 918 hadi 1392. Ikaja dola ya Joseon, watawala wake walikuwa wafuasi wa msimamo mkali wa Konfusio, yule mwalimu wa kale wa China, wakanyang'anya mahekalu ardhi na watumwa, wakawasukuma watawa milimani, na ukifika mwisho wake mtawa alihesabiwa miongoni mwa watu wa chini kabisa, haruhusiwi hata kuingia Seoul mpaka 1895. Ndiyo maana mahekalu mengi maarufu ya Korea leo yako mlimani ambako unafika umeloa jasho. Kwa hiyo mmisionari wa Kiprotestanti aliyeshuka Incheon mwaka 1885 hakukuta nchi iliyoshikwa na Ubudha, alikuta Ubudha umeshapigwa mateke karne tano na Wakorea wenyewe.

Halafu dini Korea hazifukuzani, zinapangana tabaka juu ya tabaka. Baba msomi anatambikia mababu kwa kitabu cha Konfusio, mama anapeleka mchele hekaluni, mtoto akiugua anaitwa mudang, mganga wa mizimu, aipandishe na ngoma usiku kucha. Nyumba moja hiyo. Ukimuuliza wa hapo ni dini gani, swali lenyewe halijakaa sawa.

Na hapa kwenye matambiko ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana ndipo panaponikera zaidi, watu wanaruka wanaanzia 1960. Ukatoliki uliingia Korea bila padri. Wasomi walisoma vitabu vilivyotoka China, wakamtuma mwenzao Yi Seung-hun akabatizwa Beijing 1784, akarudi, wakaanza kubatizana wenyewe. Mpaka hapo serikali ilikuwa inanung'unika tu. Kisha askofu wa Beijing akasema marufuku kutambikia mababu. Mwaka 1791 mtu wa ukoo wa heshima, Yun Ji-chung, akafiwa na mama yake, akamzika lakini akakataa kumfanyia tambiko, na vile vibao vya majina ya mababu akavichoma. Yeye na binamu yake Kwon Sang-yeon wakakatwa vichwa Jeonju mwaka huohuo.

Kwa nini kufa kwa ajili ya vibao? Angalia meza ya tambiko hilo, jesa, linavyofanyika hata leo. Kuna utaratibu: nyama magharibi, samaki mashariki, na kichwa cha samaki kielekee mashariki, matunda mekundu upande huu meupe upande ule, pichi hairuhusiwi kabisa kwa kuwa inafukuza mizimu, na pilipili nyekundu haitiwi. Mjukuu mkubwa wa kiume anamimina pombe, wanasujudu, kijiko kinachomekwa kwenye wali, halafu watu wanatoka nje au wanageuka kimya kidogo ili wazee wale. (Na wakwe wa kike ndio waliopika tangu jana, hilo nalo ni ugomvi wake.) Sasa Joseon nzima ilisimama juu ya meza hiyo, kwa sababu mtoto anayemtii baba hata akiwa amekufa ndiye raia atakayemtii mfalme. Ukichoma kibao umeitangaza nyumba yako nje ya dola. Serikali haikumwona Yun kama mtu wa dini ngeni, ilimwona mhaini. Zikafuata chinjachinja za 1801, 1839 na 1866, na Papa Yohane Paulo wa Pili alipokwenda Seoul 1984 akawatangaza 103 kuwa watakatifu. Wasomaji wangu wa Namugongo, walikouawa mashahidi wa Uganda, mnaielewa lugha hii vizuri.

Na kichekesho, Vatikani ikaja kulegeza 1939, ikasema kutambikia mababu ni heshima ya kijamii. Leo Mkatoliki wa Korea anafanya jesa bila wasiwasi. Mprotestanti hafanyi, anafanya ibada ya kumbukumbu, nyimbo na sala, ila tarehe ni ileile, ndugu walewale, na mkwe wa kike yuko jikoni vilevile.

Ya katikati nayapitia mbio. Mwaka 1860 Choe Je-u anaanzisha Donghak, dini ya wenyeji inayosema kila mtu amembeba Mungu ndani yake, wanamuua 1864, wafuasi wake wanaasi 1894, mwaka huohuo utumwa na mitihani ya kifalme ya kupata maofisa, iliyoanza 958, vinafutwa. Japani inaimeza nchi 1910. Tarehe 1 Machi 1919 tamko la uhuru linatiwa saini na watu 33: Wakristo 16, watu wa Cheondogyo, yaani Donghak iliyobadili jina, 15, na Wabudha wawili. Hapo ndipo Ukristo ulipopata uzalendo wake. Wakoloni walikuwa Wajapani na wamisionari walikuwa Wamarekani, kwa hiyo Mkorea kuingia kanisani hakukuonekana kama kujiunga na mkoloni. Kwetu huku bendera na msalaba vilishuka bandari moja, kwao hapana. Hilo peke yake linaeleza mambo mengi kuliko klipu zote nilizotumiwa.

Sasa niambieni, mji uliojaa makanisa kuliko yote Korea kabla ya vita ulikuwa upi? Pyongyang. Ndiyo, hiyohiyo ya Kim, mji mkuu wa Kaskazini. Uamsho mkubwa wa 1907 ulitokea Pyongyang, watu waliuita mji Yerusalemu ya Mashariki, na babu mzaa mama wa Kim Il-sung, mwasisi wa Korea Kaskazini, alikuwa mzee wa kanisa la Presbiteri. Kama wokovu ndio unaoleta viwanda vya simu, basi Kaskazini ndio wangekuwa wanatuuzia simu.

Wakristo wa kaskazini wakakimbilia kusini kati ya 1945 na vita ya 1950 hadi 1953, wamenyang'anywa ardhi na wakomunisti, wana hasira, wakajenga makanisa ya wakimbizi Seoul. Wengi wao walikuwa watu wema waliopoteza kila kitu. Wengine vijana wao waliingia kwenye Umoja wa Vijana wa Kaskazini-Magharibi, kundi la kupinga ukomunisti, wakapelekwa kisiwa cha Jeju baada ya uasi wa Aprili 1948, na walichowafanyia wanavijiji kule sitakiandika hapa. Msichanganye, simaanishi kanisa liliua Jeju, namaanisha kwamba ukali wa Uprotestanti wa Korea dhidi ya ukomunisti una anwani na una majeraha, haukushuka na Pentekoste.

Mageuzi ya ardhi! Hili nikilitaja darasani watu wanafungua simu, na ndilo jibu. Korea ya 1945 ilikuwa ya makabaila, mkulima analima shamba la mwenzake na nusu ya mavuno au zaidi inaondoka. Kaskazini wakagawa bure Machi 1946, kwa hiyo Kusini hata waliokuwa hawataki wakalazimika. Sheria ya 1949, ikarekebishwa Machi 1950: hakuna kumiliki zaidi ya jeongbo tatu, karibu hekta tatu. Mkulima analipa thamani ya mavuno ya mwaka mmoja na nusu, kwa miaka mitano, asilimia 30 ya mavuno kila mwaka, basi shamba lake. Kabaila akapewa hati za serikali, vita ikaanza Juni, mfumuko wa bei ukazila zile hati mpaka zikabaki karatasi. Tabaka lililokalia nchi kwa karne nyingi likaisha nguvu ndani ya miaka michache bila hata kupigwa risasi. Mkulima mwenye shamba lake akaanza kupeleka mtoto shule. Ndiyo maana nawaambia pato la mtu la 1960 linaweza kufanana kwenye karatasi na jamii zikawa hazifanani kabisa, na hapo sijataja misaada ya Marekani.

Mageuzi hayohayo yaliyachukulia mahekalu ya Kibudha sehemu kubwa ya mashamba yao. Halafu Rais Syngman Rhee, Mmethodisti, mwaka 1954 akatamka kwamba watawa wenye wake watoke hekaluni, maana ndoa za watawa zilishamiri enzi za Japani. Wakapigana wao kwa wao miaka, mahakamani na kwa fimbo. Krismasi ikawa sikukuu ya taifa tangu mwanzo wa jamhuri, siku ya kuzaliwa Buddha ikasubiri mpaka 1975. Jeshini makasisi wa Kikristo walianza 1951, watawa wa Kibudha 1968, na kila kijana wa kiume anapita jeshini. Mnaona uwanja ulivyoinama?

Makanisa yalikua kweli, sibishi. Miaka ya 60 mpaka 80 mamilioni walihama vijijini wakaingia mjini ambako hawajui mtu, na kanisa lilikuwa na maombi ya alfajiri saa kumi na moja kila siku, vikundi vya nyumbani, mtu wa kukuulizia kazi. Mchungaji Yonggi Cho alianza na hema 1958 akaishia na kanisa la Yoido, Seoul, la waumini mamia ya maelfu, akihubiri baraka za mwili na mfuko, na 2014 mahakama ikamtia hatiani kwa kulisababishia kanisa hasara ya mabilioni ya won, kifungo cha nje. Hii sehemu ya mwisho haimo kwenye klipu. Ila kwa nini wahamiaji hawa walijaza makanisa na wahamiaji wa miji mingine ya Asia hawakufanya hivyo, maelezo yote niliyosoma yananiacha nusu njia. Ninachojua ni kwamba tangu katikati ya miaka ya 1990 Waprotestanti wamekwama kati ya asilimia 18 na 20, na uchumi umeendelea kupanda bila wao kuongezeka.

Na wewe unayesema "siyo Yesu, ni Konfusio, wanapenda shule miaka elfu mbili", kaa chini nawe. Mwaka 1945 watu wazima wengi wa Korea hawakujua kusoma. Miaka ya 50 wataalamu walisema Konfusio ndiye aliyewafanya maskini kwa kudharau biashara. Samsung yenyewe ilianza 1938 Daegu ikiuza samaki wakavu na tambi. Konfusio anasifiwa ukipata na analaumiwa ukikosa, kama kocha wa timu ya taifa.

Bado siasa. Kanisa lilikuwa pande zote mbili. Jeon Tae-il, fundi nguo wa miaka 22 na mwalimu wa Sunday school, alijichoma moto Novemba 1970 sokoni Pyeonghwa akidai sheria ya kazi ifuatwe. Agosti 1980, wiki kumi hivi baada ya jeshi kuua raia mjini Gwangju, wachungaji wakubwa walikaa mbele ya kamera kumwombea Jenerali Chun Doo-hwan, aliyekuwa ameishika nchi. Juni 1987 wanafunzi waliokimbia polisi walijificha kanisa kuu la Katoliki la Myeongdong. Kanisa pande zote, Biblia moja.

Na mudang hajaenda popote. Mwaka 2021 mgombea urais Yoon Suk-yeol alionekana kwenye mdahalo wa televisheni na herufi ya "mfalme" imeandikwa kiganjani, watu wakasema ni mambo ya mudang, yeye akasema jirani shabiki ndiye kaandika. Akashinda. Desemba 2024 akatangaza utawala wa kijeshi, bunge likaufuta usiku uleule, Aprili 2025 Mahakama ya Katiba ikamwondoa. Katikati ya hapo, wikiendi kwa wikiendi, baadhi ya wachungaji walikusanya umati Gwanghwamun, katikati ya Seoul, kumwombea abaki, na Wakristo wengine wakakesha mtaa wa pili kwenye baridi wakidai atoke.