Kidonda kimefunga, mbona kidole bado kina ganzi?

Waliokatwa na panga au kioo kwenye kifundo cha mkono hutuuliza swali hili mara nyingi. Nyuzi zimeshatolewa, kovu limekauka, ila ncha ya kidole haijui moto wala baridi.

Seli inayohisi kidoleni haikai kidoleni. Mwili wake umo ndani ya kinundu kidogo kando ya uti wa mgongo, na kutoka hapo hunyoosha uzi mwembamba mpaka kwenye ngozi. Wa mguuni, kwa mtu mzima, hukaribia mita 1. Panga limekata uzi. Seli yenyewe mara nyingi ingali hai.

Kipande kilichobaki upande wa kidole hufa na kuoza, jambo ambalo mtafiti Augustus Waller alilieleza mwaka 1850 baada ya kukata neva (mafungu ya nyuzi kama hizi) za ulimi wa chura. Seli za Schwann, zinazouzunguka uzi, husafisha mabaki zikisaidiwa na seli za kinga, kisha hujipanga mstari kuuwekea uzi mpya njia. Kule mgongoni, habari za jeraha zikifika, seli huacha kuwa tarishi na kuwa mwashi: huwasha jeni za ujenzi, kama ATF3, na kuanza kusukuma uzi mpya. Mwendo wake ni kama milimita 1 kwa siku. Sentimita 18, basi, ni miezi 6, na hapo njia iwe wazi. Neva iliyokatika kabisa isiposhonwa, nyuzi changa hupotea na kujisokota kuwa kivimbe chenye maumivu.

Mwaka 1903 daktari Henry Head wa London alikubali neva ya mkono wake mwenyewe ikatwe, akafuatilia kwa miaka kadhaa hisia zikirudi. (Msimwige.) Maumivu yalitangulia, mguso mwepesi ulichelewa sana.

Ukigongwa juu ya njia ya neva ukahisi shoti kidoleni, nyuzi changa zimefika hapo ulipogongwa. Sehemu hiyo ikisogea mbele mwezi hadi mwezi, tunafurahi. Isiposogea, rudi kwa daktari.

Seli hiyohiyo iliyojeruhiwa huweza kufyatua ishara bila kuguswa. Ndiyo maana mkono wenye ganzi unaweza pia kuwaka moto usiku, na dawa za kawaida za maumivu zisifue dafu. Zipo nyingine za neva, za kuandikiwa na daktari. Kwa sasa, maji ya kuoga yapime kwa mkono usio na ganzi.