Mamluki wa kwenye gemu sio yule wa kweli

Kama umeshacheza kampeni ya Saladin (yaani sultani Salahuddin) kwenye gemu la kompyuta la Age of Empires II, iwe ile ya 1999 au hii iliyotengenezwa upya, lazima unamkumbuka mamluki, jamaa kapanda ngamia anarusha mapanga kwa mbali na wapanda farasi wa adui wanapukutika tu. Mimi nilimpenda sana yule, na kwa miaka niliamini ndivyo walivyopigana. Sio kweli.

Mamluki alikuwa mtu wa farasi. Kazi yake ni upinde na mkuki, upanga anao lakini harushi, utupe upanga katikati ya vita ubaki na nini? Na wengi hata Waarabu hawakuwa, walikuwa watoto wa Kituruki, Wakipchak, wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi, wanauzwa wakiwa wadogo, wanafikishwa Cairo, wanawekwa kambini wanafundishwa Qur'ani kisha farasi, mkuki na mishale, miaka inaenda, akihitimu ndo anapewa uhuru wake na farasi na silaha.

Lugha yetu nayo inatuchanganya hapa. Sisi tukisema mamluki tunamaanisha askari wa kukodiwa, au mchezaji aliyechomekwa kwenye timu siku ya mechi, au mtu aliyejipenyeza kwenye chama cha wenzake. Kiarabu chenyewe mamluk ni anayemilikiwa, yaani mtumwa. Na hao hao watumwa ndio walioishika Misri na Sham (Syria na jirani zake) kuanzia karne ya 13 mpaka Waosmani walipowaangusha 1517! Baybars aliuzwa sokoni akiwa kijana, 1260 akawa sultani.

Dhana nyingine ni ile ya rangi mbili kwenye ramani, Waislamu huku Wakristo kule. Mambo hayakuwa hivyo hata kidogo. Mwaka 1140 Damascus ya Waislamu iliungana na ufalme wa Kikristo wa Jerusalem kumzuia Zengi, mtawala wa Mosul na Aleppo, Mwislamu mwenzao. Kwenye vita ya Ain Jalut huko Palestina, Wamamluki wa Misri na Wamongolia, 3 Septemba 1260, jeshi la Wamongolia liliongozwa na Kitbuqa ambaye alikuwa Mkristo, na bado Wafaranki (Wakristo wa vita vya msalaba waliotoka Ulaya) wa mji wa Akka wakawaachia Wamisri wapite kwenye ardhi yao wakampige. Salahuddin mwenyewe ni Mkurdi wa Tikrit, na panga za zama zake nyingi zilikuwa zimenyooka, zile zilizopinda zilienea zaidi baadaye.

Ila kinachoniuma zaidi ni Hattin, vita ya Salahuddin na Wafaranki wa Jerusalem. Kwenye gemu unakusanya jeshi kubwa unavamia, basi. Kumbe Hattin iliamuliwa na maji. Tarehe 3 Julai 1187 Guy, mfalme wa Jerusalem, alitoa jeshi lake Saffuriya penye chemchemi akalipeleka Tiberias kwenye jua kali, njiani wanashambuliwa kwa mishale, usiku wamelala bila maji, watu wa Salahuddin wakachoma nyasi kavu moshi ukawaendea usoni, na ziwa wanaliona kwa macho ila hawalifikii. Kesho yake mchana wamekwisha. Guy akaletwa hemani, Salahuddin akampa kikombe cha maji ya barafu, akanywa akampasia Reynald wa Châtillon, bwana mmoja wa Kifaranki aliyetekwa naye, na Salahuddin akasema wazi huyo wa pili sio mimi niliyempa. Kwa desturi yao ukishampa mateka maji umempa na usalama. Reynald aliuawa hapohapo.

Halafu Jerusalem, ambayo Salahuddin aliizingira baada ya Hattin. Watu wanadhani iliishia kwa mauaji kama ya 1099, Wafaranki walipouteka. Ukuta ulibomolewa kipande kweli, lakini mji ulikabidhiwa kwa mazungumzo na Balian wa Ibelin, aliyeongoza ulinzi wake, tarehe 2 Oktoba 1187, kila mwanamme ajikomboe kwa dinari 10, mwanamke 5. Maskini walikuwa maelfu, wengi hawakuwa na kitu, na wapo walioishia utumwani. Al-Adil, ndugu yake Salahuddin, akaomba apewe watu 1,000 kati ya hao, akapewa, akawaachia huru.