Je, wajua kwa nini nyumba iliyo nje ya mita 60 bado huingia maji?

Ukitafuta kiwanja karibu na Mto Nzovwe jijini Mbeya, au Ipogolo, Iringa, ambako Ruaha Mdogo unapita, dalali hatakawia kukuhakikishia: "Hapa tuko nje ya mita 60, boss." Hajaitunga namba hiyo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa, ufukwe wa ziwa au wa bahari.

Tatizo ni kwamba mita 60 hupima umbali, na maji hufuata kimo. Nyumba iliyo juu ya ukingo mrefu, hatua chache tu kutoka korongoni, inaweza isiloe hata siku moja. Nenda Kyela sasa. Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milima ya Rungwe, moja ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini, kisha hufika kwenye tambarare ya Ziwa Nyasa na kupunguza mwendo. Maji yakishavuka ukingo hapo hutandaa tu. Aliyejenga mita 300 kutoka mtoni huteka maji sebuleni kwa ndoo. Mto Songwe una kituko chake: huko chini hubadili mkondo, na mita ulizopima mwaka wa ujenzi zinapungua wewe ukiwa umelala.

Hiyo haiifanyi sheria kuwa bure. Mita 60 hulinda kingo zisimomonyoke na huupa mto nafasi ya kupumua. Ila haikuandikwa ikuhakikishie jamvi kavu.

Marekani walichagua kupima kimo. Mpango wao wa taifa wa bima ya mafuriko, ulioanza 1968, una ramani za maeneo yenye uwezekano wa asilimia 1 wa kufurika kila mwaka. Ukijenga nyumba mpya ndani ya eneo hilo, sakafu yako ya chini haitakiwi kuwa chini ya kimo kilichokadiriwa cha mafuriko hayo, na ukikopa benki, bima ya mafuriko ni lazima. Asilimia 1 inaonekana ndogo, lakini kwa mkopo wa miaka 30 uwezekano wa kufurikwa angalau mara moja ni kama asilimia 26. Zaidi ya robo!

Kwetu, anayekusukuma kukata bima ya nyumba ya kuishi kwa kawaida ni benki iliyoshika hati yako. Hapo ndipo wengi hujidanganya. Bima ya nyumba iliyozoeleka msingi wake ni moto na radi. Mafuriko huongezwa kwa kuombwa na kulipiwa. Tena benki inajali jengo, kwa sababu jengo ndilo dhamana. Makochi, friji na magunia ya mpunga stoo ni juu yako. Na ukiulizwa kwenye fomu kama kuna mto karibu, jibu ukweli, maana kuficha kunaipa kampuni ya bima sababu ya kukataa kulipa.

Kabla ya kufika huko, uliza kimo. Nyanda za Juu Kusini zina bahati ambayo wachache huitumia: ofisi za mabonde matatu ya maji ziko hukuhuku, Rufiji ikiwa Iringa, Ziwa Rukwa Mbeya na Ziwa Nyasa Tukuyu. Waulize maji yaliwahi kufika wapi, kisha nenda kwa wazee wa mtaa uwaulize hilohilo.

Kwa walio chini ya milima, kuna swali jingine la kumuuliza wakala wa bima. Aprili 2024, Itezi jijini Mbeya, kilichofunika nyumba na shule kilikuwa tope lililoporomoka kutoka Mlima Kawetere. Mikataba mingi huhesabu maporomoko ya ardhi kama janga tofauti na mafuriko, kwa hiyo mwambie akuonyeshe yameandikwa ukurasa gani.