“Mti ni mti tu”: dhana potofu kuhusu miti mikubwa na mahali inapofaa

Miaka mitatu iliyopita, wiki ya kwanza ya masika, mzee mmoja kutoka Lushoto alifika kitaluni kwangu hapa Muheza akiwa na daftari lililoandikwa kwa penseli: migrivea 200, misindano 100. Alikuwa amenunua shamba Handeni na alitaka lifanane na kwao. Nilimwamkia, nikamkaribisha kwenye benchi, nikamuuliza: shamba liko juu au chini, udongo wake ukoje, mvua ya vuli huwa inafika? Akanitazama kwa upole. “Mwanangu, mti ni mti tu. Ukiumwagilia, unaota.”

Hiyo ndiyo dhana ninayoisikia kuliko zote, na miche inayoiua ni mingi. Kuota, mche wowote utaota. Swali ni utakuwaje mwaka wa tano, maji ya ndoo yakishakoma na mti ukabaki na mvua ya Mungu na udongo ulioukuta. Mgrivea asili yake ni mashariki ya Australia. Huku kwetu ulienea kwa kupandwa uwe kivuli cha chai na kahawa, ndiyo maana unapendeza Lushoto, Moshi, Meru na Embu, penye ubaridi kiasi na mvua ya kutosha. Ukiushusha kwenye joto la nyika hudumaa. Msindano uliozoeleka milimani, Mufindi kwa mfano, ni Pinus patula, mti wa milima ya Mexico. Anaye ndugu anayevumilia joto, Pinus caribaea, lakini naye anahitaji mvua ambayo Handeni haimhakikishii mtu.

Tulizungumza hadi adhuhuri. Mwishowe alipakia mikwaju, miarobaini na mijohoro, na juu yake migrivea 20, kwa kuwa moyo haukumruhusu kuiacha. Mwaka jana alinitumia picha kwa simu. Mijohoro imepita paa la nyumba. Mikwaju inamfika kifuani, polepole kama kawaida yake, lakini majani yake ni ya kijani iliyokolea. Migrivea imebaki mitatu, na mmoja umekauka ncha.

“Miti mirefu kuliko yote iko nchi za joto”

Watu wengi huamini hivyo kwa sababu msitu wa mvua ndio wanaouona kwenye picha. Mti mrefu kuliko yote unaojulikana uko California, Marekani, kwenye pwani yenye baridi na ukungu. Ni wa aina ya Sequoia sempervirens, umepewa jina Hyperion, na una zaidi ya mita 115. Kisiwa cha Tasmania, kusini kabisa mwa Australia, kina mikaratusi ya karibu mita 100. Nchi za joto nazo zimo: huko Sabah, Malaysia, mwaka 2019 ulitangazwa mti wa takribani mita 100.

Na Afrika? Mrefu kuliko yote uliowahi kupimwa uko kwetu, kwenye bonde moja la mlima Kilimanjaro: mita 81.5. Aliyeutangaza mwaka 2016 ni mtafiti Andreas Hemp wa Ujerumani, na ni wa aina ya Entandrophragma excelsum. Jambo linalonifurahisha kila nikilisimulia ni kwamba huo ni wa ukoo mmoja na mwarobaini unaochuma majani yake uani. Kilichoupandisha hivyo ni mambo yaliyokutana mahali pamoja: udongo wa volkano wenye rutuba, maji mwaka mzima, bonde linalokinga upepo, na karne kadhaa za kuachwa bila shoka. Joto peke yake halirefushi mti.

“Mbuyu unapenda ukame”

Mbuyu unavumilia ukame, na kuvumilia si kupenda. Shina lake ni laini, lenye nyuzinyuzi, na huweka maji. Kiangazi kikikaza hupukutisha majani na kuishi kwa akiba. Kinachouweza mbuyu ni baridi: sakitu, yaani ule umande unaoganda usiku, huua mche wake. Mbuyu ni mti wa nchi za chini, na anayeuhamishia Makete anapoteza mbegu.

Kuna kosa jingine hapa, na hili linaniuma. Mche wa mbuyu haufanani na mama yake. Majani ya mbuyu mkubwa yamegawanyika kama vidole vya mkono, lakini ya mche mchanga ni jani moja moja, la kawaida kabisa. Watu hulima, hufyeka, hung'oa, wakidhani ni gugu, kisha wanasema mibuyu ya siku hizi haizai watoto. Nimewahi kumkuta kijana ameing'oa minne kwa jembe, ameilaza kando ya shimo. Nilichukua mmoja nikaukata mzizi: umevimba kama muhogo mdogo, umejaa maji. Hapo ndipo aliponiamini.

Tena usiupime umri kwa unene. Mibuyu mingi minene ni mashina kadhaa yaliyoungana, na pete za ndani ya shina haziaminiki. Wataalamu hutumia kipimo cha kaboni. Kwa kipimo hicho mbuyu mmoja wa Zimbabwe, uliokufa mwaka 2011, ulikadiriwa kuwa na miaka ipatayo 2,450.

“Mti ukipukutisha majani unakufa”

Pita Longuza mwezi wa kiangazi, mashamba ya mitiki karibu na hapa kwetu. Utadhani moto umepita: mashina matupu, majani makubwa makavu yanakatika chini ya viatu. Mvua ikirudi, yote yanachipua. Mtiki ulitoka Asia kwenye majira mawili yaliyotengana wazi, la mvua na la ukavu, na hilo la ukavu unalihitaji ili mbao zake ziwe nzuri. Kinachoudhuru hasa ni ardhi inayotuamisha maji.

Sasa kuna mti unaofanya kinyume chake, na natamani kila mkulima wa mahindi wa Dodoma na Rukwa aujue. Ni Faidherbia albida, aina ya mgunga mkubwa wenye maganda ya rangi ya chungwa yaliyojikunja kama sikio. Mvua zinapoanza hupukutisha majani. Mahindi yanapata jua, na yale majani yanakuwa samadi yenye naitrojeni. Kiangazi kikiingia unavaa majani upya, mifugo inapata kivuli na maganda. Wanaosema mti mkubwa shambani lazima uue mahindi hawajasimama chini ya huu mwezi wa Januari. Unaweza hivyo kwa sababu mzizi wake mkuu huenda chini sana kutafuta maji, kwa hiyo unafaa penye maji ya ardhini yanayofikika, kandokando ya mito ya msimu na mabonde yenye mchanga. Kwenye mwamba hautakupa chochote.

“Mkaratusi unakausha maji popote ulipo”

Hapa pana ukweli uliovutwa kupita kiasi. Mkaratusi hunywa maji mengi kwa sababu hukua haraka mno, na ukipandwa kwenye chemchemi au kingo za mto madhara huonekana. Mwaka 2009 nchini Kenya, waziri wa mazingira wa wakati huo, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kwenye vyanzo vya maji iondolewe. Agizo hilo lilikuwa na msingi. Lakini kuna aina zaidi ya 700 za mkaratusi, na kila moja ina kwao. Eucalyptus grandis hutaka nyanda za juu zenye mvua. Eucalyptus camaldulensis huvumilia joto na ukavu. Addis Ababa iliokolewa kuni na mikaratusi iliyoletwa zama za Mfalme Menelik wa Pili, misitu ya karibu ikiwa imekwisha. Mimi huuza miche yake, ila kwanza humuuliza mnunuzi kisima kiko wapi. Akisema “hapo hapo”, simuuzii.

“Mti wa Afrika hauwezi kuharibu msitu wa Afrika”

Nendeni Amani, juu ya milima ya Usambara Mashariki, mkaone. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti hapo mwaka 1902, wakapanda miti ya kila bara kuanzia bonde la Sigi hadi juu, kila aina ijaribiwe kwenye mwinuko wake. Msizi, Maesopsis eminii, ni mti wa Afrika ya kati na ukanda wa Ziwa Viktoria. Huko kwao hauna neno. Ulipopandwa Amani ulipenda mno. Hondohondo wanakula matunda yake na kumwaga mbegu msituni, na kila pengo linaloachwa na mti ulioanguka msizi hulijaza kabla ya miti ya asili. Mwarobaini nao, tuliouletewa kutoka Asia ya Kusini na tunaoupenda kwa haki, umeingia kwenye misitu ya Kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda, pwani ya Kenya kwa njia hiyo hiyo ya ndege na popo. Waliokwenda kuhiji wanaikumbuka miarobaini ya uwanda wa Arafa. Pale jangwani hauwezi kukimbia, yaani kujieneza wenyewe. Pwani yetu yenye mvua unakimbia.

“Bondeni kuna joto kuliko kilimani”

Mchana, huenda. Usiku wa Juni na Julai kule nyanda za juu, hewa baridi ni nzito, huteremka na kutuama bondeni kama maji. Miche ya parachichi au mgrivea iliyoko chini hubabuka, ya mteremkoni ikapona. Panda mteremkoni.

“Mvule haupandiki”

Unapandika. Kinachowakatisha tamaa watu ni vinundu. Kuna mdudu mdogo anayetaga kwenye machipukizi ya mvule, jani linavimba, linaoza, na ncha inakufa. Ukipanda mivule mitupu, juani, mstari kwa mstari, umemwandalia karamu. Kwenye msitu mvule hukua umechanganyika na wengine, mmoja hapa na mwingine kule. Kwa hiyo mimi hupanda mmoja kati ya migomba au chini ya kivuli chepesi cha miti mingine, na nauacha uachane na mvule mwenzake kwa umbali mkubwa. Nina michache nyuma ya kitalu, kati ya miembe. Ule mkubwa umepata vinundu viwili tu msimu huu. Nimevikata kwa wembe nikavichoma, na leo asubuhi ncha mpya imefunguka.