Korongo hulala mtini, lakini si jamaa ya shomoro

Ndege wa taifa la Uganda, korongo taji, ambaye Waganda humwita ngaali, hulala juu ya mti. Kidole chake cha nyuma ni kirefu, kinashika tawi vizuri. Basi wengi humhesabu pamoja na kwera na shomoro, katika oda (kundi kubwa la ndege) ya Passeriformes, ile ya "ndege watuao mtini". Si kweli, na jina hilo ndilo linalopotosha. Kaloli, yule korongo mkubwa mla takataka wa Kampala, naye hujenga mitini, wala hayumo.

Kundi hili, lenye zaidi ya nusu ya spishi zote za ndege duniani, hutambulika kwa maungo. Mtazame kwera anaposuka kiota ukingoni mwa ziwa kule Entebbe: vidole 3 mbele, 1 nyuma, bila utando. Ndani ya mguu, kano inayokunja kidole cha nyuma haikuungana na zile za vidole vya mbele. Kasuku ana viwili mbele, viwili nyuma. Teleka, anayefananishwa mno na mbayuwayu, vidole vyake vyote 4 huweza kuelekea mbele. Hujishikiza ukutani, tawini hatui. Mbayuwayu ni wa kundi, teleka siye.

Husemwa pia kwamba kunguru hawezi kuwa ndege mwimbaji, yaani wa sehemu kubwa zaidi ya kundi hili, kwa sauti ile ya kukwaruza. Anaweza. Mahali bomba la hewa linapogawanyika kuelekea mapafuni pana kiungo cha sauti chenye misuli mingi midogo, na kunguru anayo kama chiriku. Ndege huyu anadharauliwa bure.

Wengine hudhani wote hukaa juu matawini. Katika msitu wa Kibale kuna ndege aitwaye pita, mwenye kifua cha kijani, ambaye hurukaruka chini akiokota wadudu kwenye majani makavu. Ni wa kundi hili, ila wa sehemu ambayo kiungo chake cha sauti ni sahili zaidi.

Na lile "goti" la ndege linaloonekana kukunjika kinyume? Ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limefichwa na manyoya, karibu na tumbo.

Vinasaba vimeonyesha jambo ambalo mdomo na kucha visingeliwahi kutuambia: jamaa wa karibu kabisa wa ndege wa kundi hili ni kasuku, kisha kozi. Tai, anayefanana sana na kozi, yuko mbali.